Glasi Ileile, Mwili Mwingine: Kupunguza Pombe Baada ya Miaka 60

Shikamooni wazee wetu. Na ninyi vijana mliowasindikiza, karibuni, msikae nyuma kabisa. Mengi tutakayoyasema leo yatafanyika nyumbani mkiwapo.

Mezani hapa kuna vitu vitatu: chupa ya mvinyo iliyooshwa na kujazwa maji, glasi ya kawaida ya nyumbani, na kikombe cha kupimia chenye mistari ya mililita. Kabla hatujagusa habari za ini wala moyo, tunaomba mmoja wenu aje amimine glasi moja, vilevile anavyojimiminia jioni akiwa kwake. Karibu mama. Mimina tu, usituonee haya.

Ahsante. Sasa tunayahamishia kwenye kikombe cha kupimia. Mliokaa mbele mnauona mstari: 230. Mama amesema ni glasi moja, na hajadanganya, ni moja. Tatizo ni kwamba hesabu za afya hazijui glasi, zinajua gramu za kilevi, yaani alkoholi yenyewe iliyomo ndani ya kinywaji. Kanuni yake hii, iandikeni: mililita ulizonywa, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu kilevi ni chepesi kuliko maji. Huu ungekuwa mvinyo wa asilimia 12, mama angekuwa ameshika gramu 22. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Toti ya pombe kali, mililita 30 za asilimia 40, inakaribia gramu 10. Kwa hiyo yule anayesema "mimi nakunywa bia tu, pombe kali sigusi" ajue kwamba kila chupa yake moja ni toti mbili.

Shirika la Afya Duniani hutumia gramu 10 kama kipimo kimoja. Uingereza kipimo ni gramu 8, Marekani ni 14. Ndiyo maana watu husoma ushauri wa nchi mbili wakaona unapingana. Ukigeuza vyote kuwa gramu, ubishi unapungua sana. Uingereza tangu 2016 inasema vipimo visizidi 14 kwa wiki, yaani gramu 112. Australia, 2020, ikasema visizidi 10 kwa wiki na 4 kwa siku moja; hiyo ni gramu 100 kwa wiki. Wamarekani kwa miaka mingi wamewaambia wenye umri wa zaidi ya miaka 65 wasivuke vinywaji 7 kwa wiki, gramu 98. Zote zinazunguka palepale, kama gramu 100 kwa wiki. Hiyo ni dari, tena ya mtu mwenye afya asiyemeza dawa zinazogombana na pombe. Na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama, hasa kwa sababu ya saratani: ya kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana, na ya matiti kwa wanawake.

Turudi kwa mama. Glasi yake ya gramu 22 kila jioni ni gramu 154 kwa wiki. Hajawahi kulewa, hajawahi kugombana na mtu, na amevuka dari kwa nusu nzima. Watu wa namna hii ndio wengi. Mlevi wa kuanguka njiani kila mtu anamwona. Huyu wa glasi moja ya jioni hakuna anayemwona.

Sasa, kwa nini glasi iliyokuwa haina shida ukiwa na miaka 40 iwe na shida ukiwa na 68? Jibu ni maji. Kilevi hakikai kwenye mafuta, husambaa kwenye maji ya mwili. Mwanaume kijana, karibu asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Umri ukienda, misuli inapungua, mafuta yanachukua nafasi, na maji yanashuka kuelekea asilimia 50; kwa wanawake hushuka zaidi ya hapo. Ni kama kijiko kilekile cha chumvi ndani ya sufuria lililopungua maji. Hujaongeza kitu, lakini mchuzi umekolea. Halafu damu inayopita kwenye ini inapungua, na ubongo wenyewe, hususan sehemu inayolinda mizani ya mwili, unayumbishwa na kiasi kidogo kuliko zamani. Uzoefu haukusaidii hapa. Uzoefu unakufundisha kujiona uko sawa, basi.

Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa haiongezi kasi hiyo, maji baridi kichwani hayaongezi, wala supu. Anayekunywa bia tatu kubwa hadi saa 3 usiku ana gramu 60 za kuondoa. Hebu tumfuate usiku huo.

Analala haraka, na hapo ndipo imani ya kwamba pombe ni dawa ya usingizi inapozaliwa. Kuelekea saa 8 au saa 9 za usiku kilevi kinakaribia kuisha kwenye damu. Ubongo uliokuwa umekandamizwa unafyatuka kama springi: macho yanafunguka, moyo unadunda, jasho kifuani. Kibofu kimejaa, maana pombe huzuia homoni inayozifanya figo zibakize maji. Anainuka kwa haraka, gizani. Kidonge cha presha alichomeza jioni kikichangia, damu inachelewa kupanda kichwani na kichwa kinazunguka. Mguu unanasa kwenye mkeka. Nyonga iliyovunjika katika umri huo mara nyingi ndiyo mwisho wa kutembea bila kushikiliwa, na ukisoma faili utakuta limeandikwa "ameanguka". Pombe haimo.

Kwa hiyo, hata kama leo hujaamua kupunguza hata tone, kinywaji cha mwisho kiwe angalau saa nne kabla ya kulala, acha taa ndogo ikiwaka njia ya kwenda chooni, toa mkeka unaoteleza, na ukiamka kaa ukingoni mwa kitanda uhesabu hadi 60 kabla ya kusimama.

Sasa dawa. Hapa tutakaa kidogo, maana wengi wenu mna mifuko ya dawa, na humo ndimo hatari ilimojificha.

Wenye kisukari kwanza. Ini ndilo linalotoa sukari usiku wakati huli. Likishughulika na pombe, linaacha kazi hiyo. Kama umemeza glibenclamide au umechoma insulini, sukari inashuka hadi pabaya, na mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaropoka, anapepesuka. Waliomzunguka wanasema, "mwacheni, amelewa, atalala." Wanamfunika shuka. Vijana, hili mlishike: mzee mwenye kisukari aliyekunywa akianza kuropoka, pimeni sukari mara moja. Kama hakuna kipimo na bado anaweza kumeza, mpeni kitu chenye sukari. Kama hawezi kumeza, msimmiminie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na mkimbize hospitali. Wanaomeza metformin hatari yao ni nyingine: pombe nyingi huongeza uwezekano wa damu kujaa asidi, hasa figo zikiwa dhaifu.

Dawa za usingizi na wasiwasi kama diazepam, za maumivu makali kama tramadol na codeine, amitriptyline ya sonona, na hata zile za mafua zinazoleta usingizi, zote zinabonyeza breki ileile inayobonyezwa na pombe. Zikikutana, pumzi inaweza kupungua usingizini hadi ikakatika. Dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini zikichanganywa na pombe huchubua tumbo. Choo kikiwa cheusi kama lami na kinanata, hiyo ni damu, usisubiri kesho. Warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, huvurugwa na pombe pande zote mbili, leo damu nyepesi mno, wiki ijayo nzito. Metronidazole, dawa ya kuua vijidudu, ushauri uliozoeleka ni kutogusa pombe mpaka saa 48 zipite baada ya kidonge cha mwisho. Paracetamol yenyewe, inayoonekana haina madhara, dozi ya juu ya mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, vidonge 8 vya miligramu 500, lakini anayekunywa sana au aliyekonda asiifikie; amuulize mfamasia kiwango chake.

Na kuna kosa moja tunalolisikia kila mahali: "Leo nakunywa, dawa nitameza kesho." Hapana. Mwenye presha anayeruka dawa siku ya kunywa amejifanyia mabaya mawili kwa mkupuo: presha haina kizuizi, na pombe inaipandisha. Ukilazimika kuchagua, kinachorukwa ni kinywaji.

Kabla ya kueleza jinsi ya kupunguza, lazima tuwatenganishe watu wawili. Kila mmoja ajiulize kimoyomoyo. Je, ukiamka mikono inatetemeka mpaka uzimue? Umewahi kuacha siku moja au mbili ukatoka jasho, ukatapika, ukaona vitu visivyokuwapo, au ukaanguka mitukutiko kama mwenye kifafa? Unakunywa kila siku, na nyingi, kwa muda mrefu? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, usiache ghafla. Tunajua inasikika kinyume, tumekuja kuhimiza kupunguza halafu tunasema usiache. Lakini mwili uliozoea breki, ukiiondoa kwa mara moja, unakwenda mbio. Kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Mitukutiko huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Hali mbaya kabisa ya kuchanganyikiwa, homa na kuona maluweluwe hutokea kati ya siku ya pili na ya nne, na inaua.

Mtu huyu aende kwanza kwa mhudumu wa afya. Huko anaweza kupewa dawa za kutuliza kwa siku chache chini ya uangalizi, na vitamini B1, inayoitwa thiamine, ambayo wanywaji huishiwa nayo. Ikipungua sana macho yanayumba, hatua zinapotea, na kumbukumbu inaweza isirudi. Akiruhusiwa kupunguzia nyumbani, mwendo unaopendekezwa ni kukata sehemu moja ya kumi kila baada ya siku nne. Aliyekuwa akinywa gramu 100 kwa siku anashuka hadi 90 kwa siku nne, kisha 80. Akianza kutetemeka, abaki palepale wiki nzima, halafu aendelee kwa sehemu moja ya kumi kila wiki. Ukiona ni polepole mno, kumbuka mwili umechukua miaka mingapi kuzoea. Baada ya kuacha zipo pia dawa za kusaidia asirudi, naltrexone na acamprosate. Disulfiram, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa, ni ya kuangaliwa sana kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo.

Jambo jingine la hapohapo. Mzee amevunjika mguu, amelazwa. Nyumbani hakuna aliyemwambia daktari kwamba hunywa kila siku, wanaona aibu, au baba ni mtu wa heshima. Siku ya tatu anaanza kukung'uta wadudu wasioonekana kwenye shuka, anataka kung'oa mrija wa dripu, anamwita binti yake kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Wodi nzima inasema ni uzee umemwingia. Sio uzee. Ni pombe iliyokatika ghafla, na ina matibabu kama daktari anajua. Mkimpeleka mzee hospitali, semeni anakunywa nini na kiasi gani, siku ileile ya kwanza.

Wengine, ambao hamna dalili hizo, mnaweza kuanza wenyewe. Wiki ya kwanza msipunguze chochote. Andikeni tu: saa, aina, mililita, gramu, na mlikuwa wapi au mnafanya nini. Siku saba. Karatasi hiyo itakuonyesha kitu ambacho hukukitarajia, na mara nyingi sio kiasi, ni saa. Utakuta karibu pombe yote inanyweka kati ya saa 12 na saa 2 jioni, ile nafasi ambayo zamani ulikuwa unarudi kazini, au ambayo mwenzako aliyetangulia alikuwa akiandaa chakula. Wapo wengi ambao hawakuwa wanywaji hadi walipostaafu au kufiwa. Kwa watu hao kupambana na chupa peke yake hakutoshi. Saa hiyo inataka mtu, matembezi, simu ya mjukuu, kazi ya mikono. Kama kinachokunywesha ni maumivu ya magoti au kukosa usingizi, basi magoti yatibiwe.

Wiki ya pili, badilisha chombo kabla ya kubadilisha nia. Weka mstari wa kalamu au kipande cha plasta kwenye glasi yako, kwenye mililita 125. Kwa mvinyo wa asilimia 12 hapo ni gramu 12. Mama aliyemimina 230 akinywa hadi mstari huo kwa jioni nne tu, ana gramu 48 kwa wiki badala ya 154, na siku tatu kavu. Usiongezee glasi kabla haijaisha. Anayeongezewa hawezi kuhesabu, na wakarimu hupenda kuongeza. Maji kwanza kukata kiu, ndipo kinywaji; mwenye kiu hunywa bia kama maji. Usinywe tumbo tupu. Usiweke akiba nyumbani zaidi ya kinywaji cha siku hiyo. Hamu ikikushika siku kavu, jipe dakika 20 za kufanya jambo linalohitaji miguu. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka yenyewe.

Wapi watu hukwama? Kwanza, kulimbikiza: siku sita kavu, ya saba gramu 100 zote. Kwa moyo wa mzee hiyo ni mbaya, mapigo yanaweza kupoteza mpangilio. Pili, kuhama kutoka bia kwenda pombe kali kwa sababu "haina sukari". Mkono uliozoea kumimina bia unamimina pombe kali kwa ukubwa uleule. Kuchanganya na maji hakupunguzi gramu hata moja. Tatu, kinywaji kisicho na kibandiko: hujui asilimia yake, basi kanuni yetu haifanyi kazi, na kikiwa na methanoli, alkoholi ya sumu, kinapofusha na kuua. Nne, marafiki. Andaa sentensi yako kabla ya kutoka nyumbani, fupi, isiyoomba radhi. "Niko kwenye dozi" inatosha, na katika umri huu mara nyingi ni kweli tupu.

Mkitaka kujipima kwa undani zaidi, lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni onyo, 20 na zaidi ni dalili ya uraibu. Tunazo nakala.

Kuhusu mengine ya afya tutasema machache, ila miguu hatuwezi kuiacha, maana miguu imara ndiyo inayomnusuru mtu na ule mkeka wa saa 8 usiku. Dakika 150 za mwendo wa haraka kiasi kwa wiki, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Juu yake, mazoezi ya nguvu siku mbili na ya mizani siku tatu. Kiti kisichoteleza, kiegemezwe ukutani: kaa, kunja mikono kifuani, simama bila kushika, keti taratibu. Mara 8, pumzika, mara 8 tena. Wengi huanguka puu kwenye kiti wakati wa kuketi, na ile sehemu ya kushuka taratibu ndiyo inayojenga paja. Kwa mizani, simama mguu mmoja kando ya meza, vidole viwili vikigusa meza, sekunde 10, badilisha. Misuli haijengwi na hewa: protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, ila wenye figo mbovu waulize kwanza. Pombe hapa ni mwizi, gramu moja ina kalori 7, inashibisha bila kulisha. Ndiyo sababu wapo wanywaji wenye kitambi na mapaja membamba.

Mtegemee nini? Wiki ya kwanza au mbili usingizi unaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Hapo ndipo wengi hurudi, wakidhani mwili umekataa. Haujakataa, unajifunza kulala wenyewe. Ndani ya wiki chache presha huanza kushuka na mafuta kwenye ini kupungua. Hilo la presha lina upande wa pili: dozi iliyopangwa ukiwa unakunywa inaweza sasa kuwa kubwa mno. Ukianza kuona kizunguzungu unaposimama, au sukari yako ikashuka kuliko kawaida, usiache dawa mwenyewe; rudi kwa daktari, mwambie umepunguza pombe kutoka gramu ngapi hadi gramu ngapi, apange upya.

Mliokuja na mifuko ya dawa, mfamasia yupo meza ya kulia, toeni zote, hata za kikohozi na za mitishamba. Wanaotaka kuweka mstari kwenye glasi zao, plasta na vikombe vya kupimia viko hapa mbele, na mama ameshakubali kuwaonyesha.